Kompresheni ya Shemeji

Mume wa dada yangu amesoma sana, na anaamini kwamba kukiona kitu kwenye simu ni sawa na kukijua. Mwaka juzi alifika Same kutoka mjini wiki mbili kabla ya kipaimara cha binti yake, kipaimara ambacho kingefanyika kanisani kwetu milimani. Alikuja na gari dogo jeupe na boksi la pistoni alizoagiza nje, pistoni zenye vichwa vilivyovimba. Alitaka nizifunge kwenye gereji yangu kando ya barabara kuu.

"Kompresheni kumi na mbili kwa moja, shemeji," alisema, akiitaja namba ile kama mtu anayetaja cheo chake.

Maana yake ni kwamba pistoni ikipanda, hewa na petroli vinabanwa mpaka vibaki sehemu moja ya kumi na mbili. Ukibana zaidi, unapata nguvu zaidi. Ukizidisha, mchanganyiko unapata joto na kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo.

Nilipima nafasi inayobaki juu ya pistoni. Nilifunika chumba cha silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, kwa kipande cha kioo chenye tundu, nikajaza mafuta kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Nikajumlisha nafasi ya gasketi inayokaa katikati, nikatoa ule uvimbe wa pistoni. Silinda moja ilikuwa na sentimita za ujazo mia nne. Juu ya pistoni zingebaki thelathini na sita tu. Kumi na mbili kweli.

"Kumi inatosha," nikamwambia. "Tupunguze vichwa vya pistoni, tuweke gasketi nene. Huku chini ni joto, kule utapanda kwa gia ndogo na gari limejaa watu, na petroli ya mlimani ni ya kwenye chupa, imekaa juani."

Alicheka. "Wewe umezoea mashine za kusaga. Wenzangu kwenye kundi letu wana kumi na tatu."

"Wanaweka mafuta gani?"

Hakujua. Alipekua simu, akasoma: "Mafuta ya mashindano." Kisha akairudisha mfukoni. "Si ni petroli tu hiyo?"

Petroli tu! Mafuta yale hustahimili kubanwa bila kujilipukia. Na huyu ndiye anayeitwa msomi wa familia.

Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu ni shemeji, na, niseme ukweli, kwa sababu nilitaka aumbuke. Nilizifunga kama alivyotaka, kwa ustadi wangu wote, nikingoja. Sikujiuliza siku hiyo akina nani watakuwa ndani ya gari.

Asubuhi ya kipaimara walikuwamo yeye, dada, binti yao na mama yetu. Mimi nilifuata kwa pikipiki. Kwenye tambarare aliniacha mbali. Nilimkuta tumeshaanza kupanda, na nilisikia mlio wa pistoni kupigwa nikiwa nyuma yake, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nilipiga honi, nikawasha taa. Dada aliniambia baadaye kwamba naye aliusikia, akamwambia mumewe, naye akaongeza sauti ya redio.

Kona mbili mbele gari lilitoa moshi wa buluu, likazima.

Binti alikaa juu ya jiwe na gauni lake jeupe, akilia bila sauti. Baada ya muda mrefu lilipita lori dogo lililokuwa likipanda kuchukua tangawizi. Nyuma kulikuwa na magunia yenye udongo. Nilimnyanyua mama, nikampandisha huko, dada na binti wakafuata. Shemeji alikwenda kukaa mbele na dereva. Suti yake, alisema.

Walipofika, watoto wenzake binti walikuwa wameshapiga magoti madhabahuni. Binti aliingia peke yake, gauni limeshika udongo mgongoni, na kanisa zima likageuka.

Jumatatu tulilivuta gari hadi gereji. Nilifungua hedi mbele ya wote. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Ulifunga vibaya," shemeji akasema.

"Nilikuwepo ndani ya gari," dada akamjibu. "Nyamaza."

Nilitafuta pistoni nyingine, nikashusha kompresheni mpaka kumi. Gari linatembea mpaka leo, na nimeambiwa huko mjini shemeji anawasimulia wenzake jinsi alivyopiga hesabu mwenyewe akaipata hiyo kumi. Simshangai.

Ila mama aliniita jikoni siku hiyohiyo. "Ulijua litaharibika?"

"Nilijua, mama."

"Na mtoto alikuwa humo."

Aliendelea kuchambua maharage, hakuniambia nikae. Mwezi mzima uliofuata, nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba akiangalia pembeni.