Senti Kumi ya Mama na Mzee wa Katalogi

Habari ilinifikia Ijumaa jioni nikiwa kwenye foleni ya maziwa, kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa binti wa mzee mmoja niliyemjua: baba alifariki jana alfajiri, tukamzika jana hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Waislamu hawamcheleweshi maiti wao, najua hivyo tangu utotoni, lakini nilisimama pale na chupa yangu tupu nikajihisi kama mtu aliyefungiwa mlango. Wengi hapa Nakuru hawakumjua. Waliomjua walimwita mzee wa katalogi, kwa sababu kwa miaka mingi, nyumbani kwake mtaa wa Section 58, alitunga na kuisahihisha orodha ya sarafu za zamani zinazopatikana kanda hii ya Bonde la Ufa, ili wakusanyaji wajue ni zipi, zilivyo, na ni nani amewahi kuziona. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwahi kula pamoja zaidi ya mahamri na chai. Nimemlilia hata hivyo, na sioni haya kusema.

Katalogi yenyewe ilikuwa nakala za karatasi zilizobanwa kwa waya, na ilitoka upya kila baada ya mavuno ya viazi. Mpango huo haukuwa mzaha. Wakulima wa Molo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya masetla wa Kizungu, huokota sarafu wanapochimba viazi: senti za shaba zenye tundu, shilingi zilizodondoshwa na vibarua ambao leo hakuna anayeyakumbuka majina yao. Jembe linainua kiazi, na chini yake kuna pesa. Basi msimu ukikaribia mzee alinipigia simu, maana alijua kwetu ni Molo, na badala ya salamu aliuliza, "Viazi vimetoka?" Nikijibu vimetoka, alisema "Alhamdulillahi" akakata. Wakati mwingine nawaza kwamba sisi tunaolipana kila kitu kwa simu hatutaacha chochote shambani cha kuokotwa na wajukuu. Nilimwambia hivyo mara moja, akanijibu kwamba yeye hana kazi na wajukuu ambao hawajazaliwa, ana kazi na shilingi iliyoko mezani. Mwaka huu viazi vimetoka, nami bado natazama simu.

Alikuwa na kanuni mbili ambazo hakuzivunja. Ya kwanza, hakuandika habari za sarafu ambayo hajaishika kwa mkono wake, hata umletee picha nzuri namna gani. Akisikia kuna sarafu ngeni mahali fulani, aliipa namba na kuiachia nafasi tupu mpaka siku itakapofika kiganjani mwake. Ya pili, ukurasa wa kwanza wa kila toleo ulikuwa na kichwa "Nilipokosea", na chini yake makosa yote ya toleo lililopita. Siku moja nilimkuta na mkusanyaji mmoja kutoka Lanet, mwanajeshi mstaafu, akimshauri kwa nia njema kabisa. "Mzee, toa hii page," alisema. "Watu wataona ni kama hujui kazi." Mzee akavua miwani. "Nikiitoa hii, bwana, hizo nyingine utaziamini kwa nini?" Yule mstaafu alicheka, akaondoka na nakala mbili. Mimi ninaandika safu hii kila wiki, na sijawahi kuwa na ukurasa kama ule. Wala sijui ofisi yoyote nchini mwetu iliyo nao.

Sasa nifike kwenye langu. Mama yangu ana senti kumi ya shaba aliyoachiwa na nyanya, ambayo tundu lake halikukaa katikati. Lilitobolewa kando huko huko kiwandani. Nilipomsimulia mzee, nusura amwage chai. Papo hapo akaandika: namba sitini na tatu, nafasi tupu. "Niletee vile ilivyo," akanionya. "Usiioshe. Ile rangi ndiyo umri wake, ukiiosha umeiua." Kosa langu ni kwamba mama nilikuwa nimeshampigia simu asubuhi ile, nikamwambia pesa yake huenda ikaandikwa kitabuni na mzee wa heshima huko mjini. Suala la kuosha sikulijua bado. Na kwetu hupeleki kitu kichafu nyumbani kwa mtu. Hata viazi vya zawadi huoshwa udongo kwanza. Nilipofika Molo nilimkuta uani akijipangusa mikono. Alikuwa ameisugua ile senti kwa majivu na ndimu, akasugua na akasugua, mpaka maandishi yakaanza kufutika.

"Ona venye inang'aa," aliniambia, uso umemkunjuka. "Ati upelekee mzee wa watu kitu imejaa uchafu? Si angesema huyu alilelewa wapi?"

Sikuipeleka. Nilijua mzee angeandika ukweli, neno moja tu, "imeoshwa", na katalogi ilikuwa na wasomaji Molo, na neno lile lingemfikia mama likiwa limeongezwa chumvi. Nikajiambia ninamsitiri mzazi wangu. Mama alipouliza mzee alisemaje, nilijibu alifurahi sana. Mzee alipouliza ile senti iko wapi, nilijibu mama bado anaitafuta. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu niliivuta miaka saba, na kila toleo lililotoka lilikuwa na namba sitini na tatu na nafasi yake tupu. Kibaya zaidi, nilianza kumkwepa. Simu nilipokea, ila Section 58 sikukanyaga tena, na kama ungeniuliza ningekwambia ni shughuli nyingi. Natamani hata nusu saa moja ya zile nilizojinyima kwenye kiti chake cha mbao, nikimtazama anavyogeuza sarafu kwa kucha bila kuigusa uso.

Jumapili baada ya msiba nilikwenda Molo nikamweleza mama yote. Alikuwa akichambua mbegu za viazi. Hakunikaripia. Alisema, "Na si ungenipeleka kwake? Ningemwambia ni mimi nilisugua. Kwani angenichapa?" Akaendelea kuchambua. Halafu mikono ikasimama. "Kwa hivyo huyo mzee amekufa akijua nilimnyima."

Niliinama nikaanza kuchambua mbegu pamoja naye.

Jumanne tulikwenda pamoja kutoa pole. Binti wa mzee alitukaribisha ndani, na mama, kabla hata ya kuketi vizuri, akafungua leso na kumwekea ile senti kiganjani. "Ni hii," akasema. "Ilichelewa." Binti aliitazama sana. Ndiye aliyekuwa akimchapia baba yake kwenye kompyuta, na alituambia kwamba kila toleo alimshauri aifute ile namba, naye kila mara alikataa. "Alikuwa anasema, huyo mama ataileta akiwa ready, tusimharakishe." Kisha akamtazama mama kwa haya kidogo. "Lakini mama, nikiiandika sasa, itabidi niseme imeoshwa."

"Andika," mama akasema. "Na uandike ni mimi niliosha, na majivu, juu ya heshima."

Akaandika. Haikuchukua hata dakika. Mama aliomba asomewe, akaitikia kwa kichwa, akafunika uso kwa leso na kumlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Nilidhani namsitiri mama, kumbe nilikuwa najisitiri mwenyewe, kwa gharama yake. Aibu ya mtu mzima mwachie mwenyewe aibebe. Mara nyingi ana mabega mapana kuliko unavyomdhania, na ukimbebea bila kumuuliza umemnyang'anya. Wale wawili wangependana sana. Wangekaa sebuleni pale wakinywa chai, wakibishana kuhusu majivu na ndimu, mmoja akiulilia umri wa shaba na mwingine akitetea usafi, nami ningekuwa kando nikicheka. Nilikuwa na miaka saba ya kuwakutanisha, na Molo si mbali.