Mbwa Asiyesikia Kikurya

Wanaonijua hapa Nyarero wanajua mimi si mtu wa hadithi. Niliishia darasa la tatu, kalamu nimekuja kuizoea uzeeni, na wakati wenzangu wanajifunza kupamba maneno mimi nilikuwa nafyatua matofali. Ninachoandika leo kimenitokea mimi mwenyewe, kwenye kibaraza changu, saa kumi jioni, mvua inanyesha, na pombe niliacha zamani. Anayetaka kucheka acheke. Nimechoka kubishana.

Mnaosoma blogu hii mnajua humu hamna makubwa. Kuku wangu, litungu langu ninalopiga jioni nyuzi zikikubali, mke wangu, mbwa. Blogu alinifungulia binti yangu Gati, aliyeolewa Mwanza, mama yake alipopigwa na kiharusi. Aliniambia, "Tata, niandikie hali ya nyumbani, uweke na picha, niwe namwona mama." Nikaanza kwa kidole kimoja. Baadaye nikaona na watu nisiowajua wanasoma, wanauliza habari za kuku wangu. Nikanogewa. Mtu aliyejenga nyumba ya bati kwa mikono yake, bila mjomba wala mfadhili, anapenda aonekane. Sikatai.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia wa Mama Gati, mguu wa kulia, na maneno yote. Huyo ni mwanamke aliyekuwa anaongea mpaka ng'ombe wanageuza shingo. Sasa namwogesha, namlisha, namtoa nje asubuhi, namrudisha ndani jioni, na nyumba nzima imenyamaza. Hujui kunyamaza kwa nyumba mpaka ulishe mtu kijiko baada ya kijiko naye anakutazama tu kama umekaa mbali.

Halafu akaja mbwa.

Niliwaandikia kwamba mbwa huyu nilimlea mwenyewe tangu kitoto, nikimnywesha maziwa ya ng'ombe wangu. Mkanisifu sana. Ule ulikuwa uongo. Ndio uongo pekee niliowahi kuandika humu, na ndio ulioleta haya yote.

Ukweli ni huu. Nilikuwa natoka Mugumu kwenye mnada na gari la kukodi, nyuma tumepakia ng'ombe wawili. Tukapata pancha karibu na machimbo madogo ya dhahabu ambayo sitayataja jina. Dereva akahangaika na tairi, mimi nikaenda kujisaidia nyuma ya maturubai. Hapakuwa na mtu, hata moshi wa jiko. Palikuwa na duara moja, shimo la wachimbaji, mdomo umebomoka. Pembeni yake amekaa mbwa mwekundu, mbavu nje, na mbele yake gambuti moja la mguu wa kushoto. Hakubweka. Alinitazama mimi, akatazama shimo, akanitazama tena. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikaona mbwa wa bure. Nikamfunga kamba ya ng'ombe, nikamvuta, akagoma kwa miguu yote minne, nikambeba. Gambuti nikaliacha. Gambuti moja la nini?

Nilipomfikisha nyumbani alikwenda moja kwa moja akalala juu ya mguu wa Mama Gati, ule uliokufa. Mke wangu akacheka. Niamini, nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu augue. Siku hiyo niliapa kwamba mbwa huyu haondoki hapa, na nikaandika kwamba ni wangu wa kulea.

Nilimwita Askari. Hakuitika. Nikimwambia njoo kwa Kikurya, kimya. Kaa kwa Kikurya, kimya. Jirani yangu Marwa alikuwa anasimama kwenye uzio kuburudika.

"Mzee, huyo uliyemlea mwenyewe, ulimlea kwa lugha gani?"

"Ni kiziwi," nikamjibu.

"Kiziwi? Jana nimefungua mfuniko wa sufuria kule kwangu, akafika kabla ya watoto."

Na nyinyi humu mkaniuliza hivyo hivyo. Nikawajibu kwa ukali. Mnisamehe.

Baada ya wiki kadhaa Mama Gati akaanza kutoa sauti. "Beja," anasema. "Beja." Nikadhani anataka kusema meza, au beba. Nikaleta meza, hapana. Nikambeba, akanuna. Nikaacha. Gati naye akanipigia simu kuuliza jambo moja: "Tata, mbona kila picha mama haangalii simu? Yeye na mbwa wote wanaangalia upande ule wa kigoda kitupu cha kibarazani." Nikamwambia ni jua la jioni linamchoma macho. Unaona nilivyokuwa na jibu la kila kitu?

Sasa siku yenyewe. Mvua kubwa ilikuwa imeanza tangu saa tisa. Mama Gati yuko kwenye kiti chake kibarazani, blanketi miguuni, mbwa juu ya blanketi. Mimi nimeegemea mlango, naandika habari ya kuku aliyeangua. Nikainua macho nikaona mtu amesimama kwenye ngazi ya kibaraza. Kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, vumbi la kijivu la mawe limemjaa nywele na kope. Mguu wa kulia amevaa gambuti. Wa kushoto uko mtupu.

Nikasubiri shikamoo yangu. Haikuja.

Huku kwetu unaweza kunidharau kwa mengi, lakini salamu yangu utanipa. Nikamwambia, "Wewe, kwenu hamsalimii wakubwa?"

Akasema taratibu, kwa lafudhi ya Kisukuma, "Zamani nilisalimia sana, baba. Sasa hivi sina mkubwa wala mdogo."

Hapo ningepaswa kushtuka. Wasukuma ninaowajua mimi, na nimefanya nao biashara ya ng'ombe miaka mingi, ni watu wa adabu mpaka unaona aibu. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira ilinifunga macho. Nikamwambia kama ni kibarua anatafuta, sina. Kama ni chakula, akae, atapewa. Mgeni wa jioni sijawahi kumfukuza na njaa.

"Sijaja kula," akasema. "Nimemfuata Wabeja."

Mbwa akasimama.

Mbwa yule kiziwi, wa kuitwa mara hamsini haitiki, alisimama mkia unapiga miguu ya kiti, akashuka, akaenda kuweka kichwa kwenye goti la yule mtu. Na mtu akaingiza vidole nyuma ya sikio lake, pale pale ambapo mimi nilikuwa sijui kama panamwasha.

"Nilimwokota Geita kwenye jalala," akasema. "Nikampa kichwa cha dagaa, akanilamba mkono. Nikamwita Wabeja. Kwetu ni asante."

Nikasema, "Huyu mbwa ni wangu. Nimemlea tangu kitoto."

Nilisema hivyo mbele yake. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

Hakukasirika. Alinitazama kwa uchovu, uchovu ninaoujua, ule wa mtu aliyebeba kitu siku nyingi na hana pa kukitua. Akasema, "Baba, ulimtoa pale aliponisubiri. Hukuuliza hata mtu mmoja."

"Nikuulize wewe, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo."

Mvua ikazidi. Nikamwonyesha Mama Gati. Hasira ilikuwa imeanza kuniishia, nikamwambia ukweli nisiomwambia mtu: "Mwangalie huyu. Mbwa akiondoka, huyu hatacheka tena. Utaniachia nini humu ndani?"

"Na mama tunafahamiana," akasema. "Nakuja hapa siku nyingi. Nakaa kwenye kile kigoda, mimi na yeye tunamshika mbwa. Wewe unakuwepo. Unaandika."

Niliandika kila siku, jamani. Mama Gati amekula nini, amelala vipi, amekaa wapi. Kila siku, hatua tatu kutoka kwake. Sasa niambie nilikuwa naona nini?

Yule mtu akageuka aondoke. Mbwa akamfuata. Walishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Nikataka kumkamata mbwa shingoni, miguu yangu haikutoka mlangoni. Si woga. Ilikataa tu, kama mguu wa mke wangu.

Ndipo Mama Gati akasema, kwa sauti nzima, sauti yake ya zamani ya kuita watu shambani: "Wabeja."

Mbwa akasimama kwenye maji. Yule mtu naye akasimama.

Mpaka leo sijui alikuwa anamwita mbwa au anamshukuru mwenye mbwa. Neno ni lile lile. Lakini kijana yule aligeuka, uso umebadilika, akasema, "Mama, umenishukuru?"

Mama Gati akasema tena, "Wabeja."

Kijana akainama, akamwambia mbwa maneno ya Kisukuma, akamsukuma kwenye kibaraza kwa kiganja. Mbwa akarudi, analia puani, akapanda kwenye blanketi. Yule mtu akanitazama mimi. Alikuwa anangoja. Nilijua anangoja nini, ni neno moja tu, nimelisikia sasa hivi, na mbwa wangu mwenyewe analo. Sikulitoa. Miaka yote hii nimejivunia kwamba sina mtu wa kumshukuru. Nikang'ang'ania hapo hapo, mbele ya mtu aliyeniachia kicheko cha mke wangu.

Akaondoka. Mvua ile yote, na vumbi lake la kijivu lilikuwa halijalowa. Nilitazama sementi aliposimama: nyayo za mbwa za tope zilikuwepo, kwenda na kurudi. Za mtu mwenye mguu mtupu hazikuwepo.

Kesho yake nikamwachia Marwa kazi ya kumlisha Mama Gati, nikapanda pikipiki mpaka kule machimboni. Wachimbaji walikuwa wamerudi. Nikamkuta mzee mmoja wa Singida anaponda mawe, nikamuuliza habari za Msukuma mwenye mbwa mwekundu. Akaweka nyundo chini.

"Masanja," akasema. "Duara lilimfukia. Mguu ulikuwa umebaki nje, tukamvuta, likatoka gambuti peke yake. Udongo ukashuka mara ya pili. Yumo humo mpaka leo."

"Hamkumtoa?"

"Mzee, tulichimba siku tatu. Wengine wakaanza kufukiwa. Tukahama kwa huzuni. Mbwa alikataa kuondoka, tuliporudi tukakuta hayupo. Tulisema kafa naye." Akanikazia macho. "Umemwona wapi?"

Nikamwambia ninaye mimi. Sikusema nimemlea.

Gambuti lilikuwa pale pale nilipoliacha, jani limeota ndani. Nilisimama mdomoni mwa lile shimo, nikavua kofia, nikajaribu kulisema lile neno. Lilikuwa gumu, na si kwa sababu ni la Kisukuma. Nikalisema. Hakuna kilichojibu. Nilikuwa nimechelewa siku moja, na wanaolala chini sidhani kama wanapokea kila siku.

Gati, binti yangu, na wewe nilikudanganya pamoja na wengine. Mbwa si wa kulea. Na jua la jioni haliwaki upande ule wa kigoda, wewe umekulia kwenye nyumba hii unajua.

Mbwa yupo, na sasa anaitwa kwa jina lake. Mvua ikianza anashuka, anakwenda kukaa ngazi ya mwisho, analowa, mpaka iishe. Simzuii. Mama Gati hajapata neno jingine. Ni hilo hilo moja, kwa uji, kwa mbwa, kwa mvua, kwangu nikimfunika blanketi. Naandika kidogo siku hizi. Simu naiacha ndani, nakaa naye.

Ninyi mnaosoma, ukikuta mnyama amekaa peke yake analinda kitu kisicho na maana kwako, usimfungie kamba. Uliza kwanza. Asipokuwepo wa kumuuliza, muulize aliye chini, na ukishapewa, shukuru hapo hapo kabla hajageuka.

Mimi sikufanya hivyo. Ndiyo maana Mama Gati akisema "Wabeja" huku anatazama juu ya bega langu, naitikia "Wabeja" na mimi, kwa sauti, bila kugeuka. Sijui kama anamwita mbwa, au ananishukuru, au kuna mtu amesimama nyuma yangu bado anangoja.