Siku Sayari Ilipolipuliwa Bigwa

Harufu ya magunia yaliyolowa inanirudisha kwenye kibanda cha video cha Bigwa, ambako magunia ndiyo yalikuwa mapazia. Bibi aliingia kunifuata wakati chombo cha angani kikirusha bomu la nyuklia. Sayari nzima ikapasuka, nasi watoto tukashangilia.

“Na watu wake?” bibi akauliza.

“Wamekufa wote, bibi. Ni sinema tu.”

“Sasa atawazika nani?”

Tulicheka sana. Kesho yake hakwenda shamba, maana kwetu kukiwa na msiba hakuna anayelima.

Leo mwanangu kakalia gunia la mbegu, analipua sayari kwenye simu.

“Mama, nimezimaliza zote!”

Jembe nimelishika, nimeliweka, nimelishika tena. Jua limeshapanda na bado niko mlangoni.