Dada Aliposusa Chakula

Kila ninusapo ubani juu ya makaa, narudi kwetu Nguvumali, miaka ya hamsini, siku zile dada yangu Mwanaidi aliposusa chakula. Arusi yake ilikuwa imekaribia, na mchumba, kijana wa Mkwaja, alikuwa mtu wa watu. Dada alikuwa keshawekwa ndani, anasuguliwa liwa, lakini kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Nikaimaliza mimi, na mwanzoni, niseme kweli, sikuona ubaya wa jambo lile.

Baba akaamua kwamba binti hamtaki mume, akaanza kusema habari ya kuvunja posa. Mama naye alishika lake: ni jini. Asubuhi chetezo, jioni chetezo, moshi hata paka wetu akahama. Dada akazidi kukohoa na kukonda. Nikaingiwa na hofu kwamba atakufa.

Ndipo akaja shangazi kutoka Pangani, mwingi wa maneno, mchache wa subira. Alikaa kando ya dada, nami nimejikunyata miguuni pake. Hakumuuliza anaumwa wapi, wala kama anampenda mchumba. Hayo dada alikwishaulizwa hadi akachoka. Alisema, "Ukiondoka nyumba hii, mwanangu, kitaharibika nini?"

Dada akaangua kilio. "Nani atamchambulia mama mchele?"

"Kwani mamako hana mikono?"

"Mikono anayo, shangazi. Haoni."

Kumbe kwa muda mrefu mama alikuwa akichambua kwa kupapasa, akituficha giza lililomwingia machoni. Mama akishatoka jikoni, dada huurudia ungo kimya kimya, baba asije akang'ata changarawe akajua.

Mama alikuwa mlangoni, chetezo mkononi. Alikaa chini palepale.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Siku ile dada alikula. Ungo nikakabidhiwa mimi, mbele ya watu wote, na arusi ikafanyika. Niliwatambia wenzangu kwamba jini letu lilimkimbia shangazi, nikaamini hivyo kwa miaka. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mama mwenyewe, nikamkumbuka dada akimeza moshi ule bila kumsuta mama hata kwa neno moja. Tulihangaika kumponya, naye alikuwa mzima. Alichokosa ni mtu wa kumwachia mama.