Taya la Mwalimu Salome

Siku yangu ya kwanza kazini niling'oa meno kumi na manne. Wakati huo kliniki ya meno hapa Dodoma ilikuwa ya kung'oa tu, maana watu walikuja jino likiwa limeshaoza mpaka kwenye mzizi. Daktari wa Meno wa Mkoa, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alisimama nyuma yangu tangu asubuhi. Jioni alisema, "Mkono wako ni mwepesi. Usije ukaanza kuringa."

Nikapelekwa Chamwino, nikakaa miaka sita, kisha nikaenda masomoni kujifunza kunyoosha meno kwa waya. Niliporudi mjini nilikuwa peke yangu katika kitengo chetu mwenye ujuzi huo, na niliringa.

Ndipo akaja Salome, mwalimu wa sekondari kutoka Chamwino, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Meno yake ya juu yaliyatangulia ya chini kwa milimita kumi na moja, wakati kwa kawaida huwa mbili au tatu. Midomo haikufunga. Hindi la kuchoma alilipukuchua kwanza kwa vidole ndipo ale.

"Wanafunzi wakicheka nyuma ya darasa," aliniambia, "huwa najua ni mimi."

Tatizo hilo lina sababu mbili. Pengine meno ya juu yameinama mbele, na hapo waya huyarudisha. Pengine taya la chini ni fupi, na kwa mtu aliyekwisha kukua, waya haziwezi kulirefusha. Ni upasuaji tu wa kulikata taya, kulisogeza mbele na kulifunga kwa skrubu, na hata hapo waya huvaliwa kabla na baada.

Nilipeleka picha yake ya eksirei kwa Mkuu wa Kitengo, mzee aliyekaribia kustaafu. Aliiinua dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Hili ni taya, si meno," alisema. "Mweleze njia zote mbili, aamue mwenyewe."

"Sawa, mzee."

Sikumweleza. Wapasuaji wa taya walikuwa Dar es Salaam, nami nilijiambia kwamba mwalimu wa Chamwino angeogopa bure. Ukweli ni kwamba nilimtaka awe mgonjwa wangu. Alipouliza, "Hakuna njia nyingine, daktari?" nilimjibu, "Waya zinatosha."

Nikang'oa magego mawili madogo ya juu ili kupata nafasi ya kuyavuta meno ya mbele. Kwa miaka miwili na nusu alikuja kila mwezi, hakukosa hata mara moja. Siku nilipozitoa waya alifunga midomo mbele ya kioo, akatabasamu. Kisha akajipiga picha ya ubavuni kwa simu, akaitazama.

"Na kidevu?"

"Hayo ni maumbile, mwalimu."

Mdomo wa juu ulikuwa umeingia ndani kuyafuata meno, pua ikaonekana kubwa, na kidevu kilikuwa kimebaki nyuma palepale kilipokuwa.

Miaka minne baadaye alirudi. Mpasuaji wa taya alikuwa amefika mjini kuona wagonjwa, naye akaenda kumwona. Aliambiwa angeweza kufanyiwa upasuaji tangu mwanzo. Sasa ingebidi meno yasukumwe tena mbele, mapengo yafunguliwe upya, avae waya miaka mingine, ndipo akatwe.

"Nilikuuliza, daktari," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alichukua mkoba wake akatoka. Upasuaji hakuufanya. Alikuwa na mtoto mchanga, na hiyo miaka mingine hakuwa nayo.

Baada ya hapo kila mgonjwa wa aina hiyo nilimwekea picha zake mezani, nikamweleza njia zote mbili, faida na hatari zake, nikamwambia aende nyumbani akafikiri. Wengi walichagua waya. Wachache walikwenda kupasuliwa, wakarudi kunionyesha nyuso zao.

Mwaka jana nilistaafu. Wiki ileile nilikwenda shuleni kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha ofisi ya walimu, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huenda ningechagua waya," alisema. "Kisu nakiogopa tangu utotoni. Lakini ningekuwa nimechagua mimi."

Kengele ikalia. Akakusanya madaftari, akaenda darasani.

Vijana wa kazi hii hunitembelea nyumbani Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, wakiniuliza makosa niliyofanya mikono yangu ilipokuwa bado migeni. Nawaambia habari za Salome. Mikono yangu haikukosea kwake. Yule mpasuaji mwenyewe alimwambia kwamba kazi ile ya waya ilifanywa na fundi hasa. Sifa hiyo niliipata kutoka kinywani mwake Salome, siku ileile aliyoniuliza kama nilikuwa najua.