Vidonge vya Kichwa Mbele ya Ukumbi Mzima

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka minane, baba alikufa, nikatolewa darasa la pili nikapelekwa kushona vifungo kwa fundi mmoja hapa Nyakabanda. Tangu hapo nimetukanwa na wenye nyumba, nimefukuzwa sokoni, nimelala juu ya vitambaa vya watu, na uso sikuuinamisha. Aliyekuja kuniinamisha ni binti yangu Hadija, mwaka jana, mbele ya ukumbi mzima kule Kimihurura, na wala hakutoa sauti, maana Hadija ni kiziwi tangu homa ya utotoni. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani (wale wanaongeza chumvi).

Mama yake alishakufa, basi mdomo wake nilikuwa mimi. Mimba yake ilipofika miezi mitano (aliyempa mimba alivuka kwenda Kampala, sina la kusema juu yake) nilikuwa naingia naye kwa nesi, nesi ananiuliza mimi, mimi namwonyesha Hadija kwa mikono, Hadija ananijibu, mimi namjibu nesi, na niliona mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo wakaja watu wa mkutano wa kimataifa wa afya ya uzazi, wanatafuta mwanamke wa kuzungumza: awe na ulemavu, awe Mwislamu, awe hana mume, awe maskini. (Hilo la mwisho nililikataa, nikawaonyesha vyerehani vyangu, wakaandika tu.) Wakasema wana dada wao wa lugha ya ishara. Nikasema mwanangu hasemewi na mgeni, nitapanda naye mimi. Wakatazamana, wakakubali. Hapo ndipo nilipojiponza.

Siku yenyewe nilivaa koti nililoshona kwa mkono wangu. Ukutani wakamulika miduara, mmoja wa wanawake, mmoja wa viziwi, mmoja wa maskini, mmoja wa dini, imepandana, na pale ilipopandana yote mama mmoja mwenye miwani akasema, "Hadija yuko hapa katikati." Nikapiga makofi, nikidhani katikati ndiko kwenye heshima. Nilipiga peke yangu. Akaendelea kueleza kwamba wa katikati ndiye anayesahauliwa na kila mradi, maana watu wa miradi ya wanawake hawajui ishara, na wa miradi ya viziwi hawataki kusikia habari za mimba.

Tukapanda. Hadija akaanza kusema kwa mikono, mimi nikashika mikoro, kile kipaza sauti, nikatazama watu, loo, safu ya mbele imamu wetu, na nyuma yake Mama Fatuma, jirani yangu wa vitenge (waliletwa kwa basi, wageni wa jamii). Na Hadija anasema mambo ya huko chini! Nikafanyaje? Nikasema, "Binti yangu anashukuru kwa mituweli, ile bima ya afya inatusaidia sana."

Makofi. Hadija akarudia, mikono mikubwa zaidi. Nikasema, "Anashukuru tena."

Kumbe yule dada wa ishara alikuwa pembeni, anawageuzia viziwi wengine maneno yangu. Hadija akageuka, akaiona mikono ya yule dada ikisema mituweli, akajua. Akanipa mgongo, akasema naye, na yule dada akatangaza kwa sauti kama ya redio:

"Anasema, sikutaja mituweli. Nimesema nikikojoa naungua, mwezi wa pili sasa. Nikimwambia baba, yeye anamwambia nesi kichwa kinaniuma. Nina vidonge vya kichwa vya kufungulia duka la dawa."

Ukumbi ulicheka mpaka ndevu za imamu zikatikisika. Mama Fatuma akapaza sauti, "Eh, muzehe Yusufu! Hiyo kichwa iko upande gani?"

Nikataka kujitetea, nikarudi nyuma, nikakanyaga waya, mikoro ikalia, jagi la maji likanimwagikia kotini. Na yule dada bado anaendelea: "Naogopa mtoto wangu ataumia. Nataka niingie kwa nesi peke yangu, baba abaki nje." Hapo kicheko kikakatika.

Wenye mkutano walifurahi! Mama wa miwani akanishika mkono, "Muzehe, huu ndio mfano tuliokuwa tunautafuta." Mfano. Nikamuuliza huyo mama, yule dada wa ishara atakuja lini kituo chetu cha afya? "Oya, hapana, muzehe, huyu ni wa mkutano. La vituo tutaliweka kwenye mapendekezo." Ukumbi ulijaa madaktari wa kila nchi, wamesikia mjamzito anaungua, na hakuna aliyesema njoo nikupime. Tulipewa chakula ndani ya boksi.

Kesho yake Hadija aliingia kwa nesi akafunga mlango, mimi nikabaki kwenye benchi. Alionyesha kwa kidole panapoungua, wakampima mkojo, wakampa dawa. Kidole kilitosha. Lakini tulikuwa tumechelewa, mtoto alizaliwa miezi haijatimia, akakaa kwenye mashine, akapona.

Kwa nesi siingii tena. Juzi nesi alitoa kichwa mlangoni, "Muzehe, njoo utusaidie, hatumwelewi." Nikasema, nitaingia Hadija mwenyewe akiniita. Hadija akatokea nyuma ya nesi, akanitazama, akarudi ndani bila kuniita.

Leo nina nyumba ya matofali Nyakabanda, vyumba viwili vya kupangisha, vyerehani sita na kimoja cha kudarizi, kiwanja Kagarama, mjukuu wa kiume anayesikia vizuri, na binti anayenipikia kila siku, ila akitoka kwa nesi haniambii kitu.