Nafasi ya Tatu

Tarehe 14 Julai tulimpoteza mama. Siku chache kabla, kompyuta ya zamani ya steshenari ninapofanya kazi, hapa Majengo, iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Navitaja pamoja kwa sababu ndivyo vilivyokuja. Silinganishi.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Kuchapa nilijifunzia kwenye ile ya zamani, na programu yake haikuwa na maneno mengi. Ukiweka namba, inakaa. Ukiacha mstari mtupu, unabaki mtupu. Bosi akaleta mashine nyingine yenye programu nyingine, na hii ilinisahihisha tangu siku ya kwanza. Nikianza na herufi ndogo, inaikuza. Nikiandika Kiswahili, inakipigia mistari myekundu ukurasa mzima, kama daftari la mtoto aliyefeli. Niliivumilia. Barua za watu ni za watu.

Wasifu wa mama haukuwa wa watu.

Kwetu wasifu wa marehemu unasomwa kabla jeneza halijatoka nyumbani, na watoto wanatajwa kwa kufuatana walivyozaliwa. Ukitajwa unasimama, watu wakuone. Mama alizaa sita. Wa tatu alilia, akanyonya, akafa kabla hajapewa jina. Mama akituhesabu kwa vidole hakumruka. Alikunja kidole cha tatu, akanyamaza, ndipo akanishika mimi: "Na huyu wa nne." Alipozidiwa alituita kitandani akasema, "Nyie, siku yangu msije mkaniruka mtoto."

Asubuhi ya mazishi nilitoka msibani, nyumbani kwetu Misunkumilo, nikaenda kuchapa. Bosi alinifungulia duka.

"Pole sana, dada yangu. Chapa, malipo usiyawaze."

Nikaandika moja na jina la kaka. Mbili ikajitokeza yenyewe, nikaweka jina la dada. Ikaja tatu. Nikabonyeza kushuka chini ili tatu ibaki wazi. Ikafutika. Nikaweka namba upya kwenye jina langu, ikanipa tatu. Nikafuta, nikarudia. Tatu tena, na mimi ndani yake. Nafasi ya mwenzangu, nimekalishwa juu yake na mashine iliyokuja juzi. Nilipiga meza mpaka kipanya kikaanguka.

"Mbona unapigana nayo?" bosi akauliza. "Iache ikusaidie. Ina akili hiyo."

"Haijui kuhesabu."

"Kompyuta isijue kuhesabu!" Akacheka, kisha akakumbuka nimetoka wapi, akajifanya anapanga madaftari.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akafika na pikipiki. Hakuzima hata injini.

"Dada, baba anauliza karatasi. Katekista keshafika."

"Inamfuta."

"Inamfuta nani?"

Nikamwonyesha. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Si uache watano tu? Hana jina, utaandika nini?"

"Na wewe ukifa tukuache?"

"Mimi nina jina, dada."

Alisema kweli, na ukweli wake ulinichoma zaidi ya mashine. Mashine haikunyonya ziwa moja na mimi. Yeye alinyonya. Mpaka leo sijamaliza hasira yangu kwake, na tunasalimiana vizuri tu.

Nilifuta namba zote. Nikachapa majina peke yake, nikaacha mstari mtupu kati ya la dada na langu, nikatoa karatasi. Namba niliziandika kwa kalamu, moja mpaka sita. Nilikandamiza sana, mbili ikatoboa karatasi. Mbele ya tatu sikuandika kitu.

Nyumbani katekista alisimama kando ya jeneza akasoma. Kuzaliwa kwa mama Mpimbwe, ndoa, kuhamia huku. Akafika kwa watoto. Kaka akasimama. Dada akasimama. Katekista akasogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa mchapaji amesahau jina," akasema, kwa upole kabisa.

Watu wakageuka kunitafuta, maana wote wanajua kazi yangu. Nilikuwa na hasira na katekista, na bosi, na ile mashine, na mama pia, kwa kutuachia agizo gumu namna ile. Mdogo wangu aliinamisha kichwa.

Baba alikuwa kwenye mkeka.

"Hajasahau," akasema. "Soma tatu."

"Tatu nani, mzee?"

"Tatu. Soma hivyohivyo."

Katekista akasoma: "Tatu." Akasubiri. Hakusimama mtu. Nyuma, kina mama wa jumuiya wakaacha kunong'ona. Baba akaitikia kwa kichwa.

"Nne," katekista akasoma, akataja jina langu.

Nikasimama.